Meni swichi inashuka kila saa? Anzia kwenye dalili kabla hujaita fundi

Wiki za mvua simu zangu karibu zote zinaanza hivi hivi, "fundi umeme unajikata, nikipandisha unashuka tena, njoo haraka." Nikiuliza imeshuka breka ipi, pana au ndogo, kimya. Nikiuliza nini kilikuwa kinafanya kazi wakati inazima, naambiwa hata sijui, tulikuwa tunaangalia tivii tu. Nimeona niyaweke haya mambo sehemu moja maana matatizo yenyewe hayazidi saba, yanajirudia nyumba kwa nyumba hapa Dar toka Mbagala mpaka Bunju, na mengi mwenye nyumba anaweza kuyasaka mwenyewe bila kugusa waya hata mmoja.

Kwanza ijue iliyoshuka

Inua kile kimfuniko cha plastiki cha boksi la meni swichi, kimfuniko tu, kava lenye skrubu achana nalo. Ndani utaona breka moja pana yenye kitufe kidogo kimeandikwa T au TEST, na pembeni yake mstari wa breka ndogo ndogo. Hiyo yenye kitufe ndo RCD, nyingine zimeandikwa RCCB, na mafundi wa zamani bado wanaiita ELCB. Kwenye nyumba zingine hiyo hiyo ndo meni swichi yenyewe.

Kazi zao ni mbili tofauti. Breka ndogo inalinda waya usiungue, RCD inakulinda wewe. Inachofanya ni kulinganisha umeme unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro, vinatakiwa vilingane, ikiona unaorudi umepungua inajua kuna mahali unavujia ardhini, iwe kwenye bati la friji, kwenye ukuta uliolowa au kwenye mwili wa mtu, hapo hapo inakata. Za majumbani nyingi zimeandikwa 30mA, yaani ampia 0.03. Ile balbu ya zamani ya wati 60 inakula kama ampia 0.26, sasa piga hesabu, uvujaji mdogo mara nane au tisa kuliko umeme wa balbu moja unatosha kuishusha, na nyingine zinaanza kukata hata kabla ya kufika 30, kuanzia 15 kwenda juu. Kwa hiyo ikishuka usiseme ni mbovu, mara nyingi kuna kitu imekiona.

Kabla hujaanza, mikono iwe mikavu, vaa kandambili za mpira, shika tochi. Na ukumbuke hata ukishusha meni, zile waya zinazoingia kutoka LUKU (mita ya yuniti) bado zina umeme, ndo maana nasema kava la skrubu usifungue, na lakiri ya TANESCO usiiguse. Kama nyumba iko giza lakini breka zote ziko juu basi angalia yuniti na uchungulie kwa jirani, hilo sio tatizo la breka.

Dalili ya 1: Inapanda vizuri, ila ukiwasha kitu fulani inashuka

Hii ndo nyepesi kuliko zote, na mshukiwa wa kwanza siku zote ni kifaa chenye maji na moto pamoja. Hita ya bafuni, birika la umeme, mashine ya kufulia, halafu pasi na oveni, halafu pampu ya maji, halafu friji kuukuu. Elementi ya hita ni waya unaotoa joto uliolala ndani ya bomba dogo la chuma, katikati yake kuna unga mweupe unaozuia umeme usifike kwenye chuma. Bomba likiliwa na chumvi likatoboka hata tundu la sindano, unga unanyonya maji na umeme unaanza kupita. Huku kwetu watu wengi tunaoga maji ya kisima yenye chumvi, kwa hiyo elementi zinakufa mapema. Na kinachowachanganya watu ni kwamba elementi iliyotoboka inaweza kuendelea kuchemsha maji vizuri tu, unaona hita nzima kumbe inavuja.

Cha kufanya: chomoa kifaa, pandisha RCD, chomeka hicho kifaa kwenye soketi ya chumba kingine. Ikishuka tena, kifaa ndo kibovu. Isiposhuka, rudi kwenye ile soketi ya kwanza uchomeke kitu kingine, ikishuka basi soketi au waya wake ndo una shida. Hita ya bafuni haina plagi, hiyo unaizima kwenye swichi yake kubwa yenye taa nyekundu, ukae nusu siku uone kama breka imetulia.

Elementi inabadilishwa na sio bei ya kukupa mawazo. Birika la umeme na pasi usihangaike kuvifungua, weka pembeni.

Hapa nisimulie kitu. Mama mmoja wa Tabata alinipigia sio kwa ajili ya breka, breka alishatengenezewa na mtu mwingine na ilikuwa haishuki tena. Aliniambia, "mwanangu, maji ya bafuni yanapiga piga." Yanapigaje mama? "Kama sisimizi wananing'ata vidoleni nikishika bomba, nikajua ni hii chumvi ya kisima." Nilipofungua boksi nikakuta RCD iko pale pale, imepanda, inaonekana nzima, ila waya zilizokuwa zinaingia juu yake zimetolewa zikaungwa moja kwa moja na zile za chini, zimezungushiwa seloteipu nyeusi, yaani umeme unapita pembeni, RCD imebaki pambo. Nikaenda bafuni nikaweka pini moja ya mita kwenye bomba na nyingine kwenye kichuma cha tundu la maji sakafuni, mita ikasoma volti 90 na kitu. Elementi ilikuwa imepasuka kwa urefu, na hita haikuwa na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Wajukuu wawili walikuwa wanaoga humo kila asubuhi kabla ya shule.

Kwa hiyo fundi akikwambia "ngoja niipite hii breka, inasumbua tu," mlipe nauli yake aende. Na kama uliwahi kutengenezewa na tangu siku hiyo haijashuka tena na hukuambiwa nini kilikuwa kibovu, nenda leo kakibonyeze kile kitufe cha TEST.

Dalili ya 2: Haitaki kupanda kabisa

Kabla ya yote, hakikisha unaipandisha inavyotakiwa. RCD nyingi zikishuka mkono wake unabaki katikati, ukiusukuma juu moja kwa moja haushiki, inabidi uushushe mpaka chini kabisa ndo uupandishe. Nimeshafunga safari ya saa nzima kwenye foleni kwa kitu hiki tu.

Kama sio hiyo, fanya kazi ya kutoa kimoja kimoja. Chomoa kila kitu ndani ya nyumba, nasema chomoa, sio kuzima swichi ya soketi, maana swichi nyingi za soketi zinakata waya wa moto tu na nyutro inabaki imeunganika. Usisahau friji, ruta, chaja nyuma ya kabati, mota ya geti. Halafu shusha breka ndogo zote, pandisha RCD.

Ikikaa, pandisha ndogo moja, subiri kidogo, nyingine, subiri. Itakayoishusha RCD ndo laini yenye tatizo, iache chini, pandisha zilizobaki uendelee na maisha mpaka fundi afike. Kama laini zote zimepanda na RCD imekaa, basi mkosaji ni mmoja wa vile ulivyochomoa, rudisha kimoja kimoja utamkamata.

Isipokaa hata breka ndogo zote zikiwa chini, hapo watu wengi wanahitimisha RCD imekufa wanakimbilia Kariakoo kununua nyingine. Inaweza kuwa kweli imekufa, ila hiyo sio sababu ya kwanza. Ya kwanza ni nyutro kugusana na ethi mahali fulani. Kumbuka breka ndogo nazo nyingi zinakata waya wa moto peke yake, nyutro zote zinabaki zimeshikana kule chini, kwa hiyo nyutro iliyobanwa na skrubu ya boksi la soketi, au waya uliotobolewa na msumari wa kutundikia picha, au uliotafunwa na panya darini, inaweza kuishusha RCD hata kila kitu kikiwa kimezimwa. Jiulize kuna mtu kapigilia msumari au kadrili ukuta wiki hii? Umefunga kabati jipya, tivii ya ukutani, pazia? Hilo swali limeshaniokolea masaa mengi.

Ukishajaribu mara mbili tatu, acha. Usikae unaipandisha kwa nguvu au ukaifunga kwa kamba isishuke (nimekuta, na haisaidii, ndani inakata hivyo hivyo). Kusaka nyutro iliyogusana kunahitaji kuzitoa nyutro moja moja ndani ya boksi na kupima kwa kile kipimo cha insulesheni mafundi wanachoita mega. Hiyo ni kazi ya fundi.

Dalili ya 3: Inashuka mvua ikinyesha

Masika na vuli hii ndo inanilisha. Anza na vitu vya nje kwa mpangilio huu: taa za ukuta wa fensi na getini, kengele ya geti, soketi ya varanda, taa za bustani zilizounganishwa chini ya ardhi, mwisho dari inayovuja ikadondoshea maji kwenye boksi la jointi.

Kama una bahati na aliyekufungia umeme alitenga laini ya nje, shusha breka hiyo, pandisha RCD, ikikaa umepata jibu. Kama hakutenga na taa za nje zimechanganywa na za sebuleni, inabidi ufuate kwa swichi, ila ujue taa inaweza kuvuja kupitia nyutro hata swichi yake ikiwa imezimwa, kwa hiyo usiitoe haraka kwenye washukiwa.

Mvua ikikatika na jua likipiga siku mbili inaacha kushuka yenyewe, mtu anasema imepona. Haijapona, maji yamekauka yameacha kutu, na kwetu watu wa pwani yanaacha na chumvi, mvua inayofuata itakuwa mbaya zaidi. Taa ya nje inatakiwa iwe ya nje kweli, yenye raba ya kuzunguka kioo, waya uingie kwa chini sio kwa juu, na matundu yasiyotumika yazibwe. Mfuko wa nailoni na seloteipu havizuii maji, vinayatunza.

Halafu kuna hawa mijusi na sisimizi. Soketi ya nje au mota ya geti ikikaa kimya muda mrefu wanahamia, mjusi anabanwa kati ya waya mbili anakaukia pale, ikija unyevu anakuwa njia ya umeme. Nimetoa kwenye boksi moja la kengele vijusi vitatu vimekaukiana kama majani. Kulifungua boksi hilo ni mpaka meni iwe chini, na kama huna uhakika liache.

Dalili ya 4: Inashuka bila mpangilio, hasa usiku

Hii inatesa kwa sababu fundi akija haishuki. Daftari ndo dawa, andika saa iliyoshuka, siku tatu nne tu, utaona mpangilio unajitokeza.

Wa kwanza kumshuku ni friji ile isiyogandisha barafu. Ndani yake kuna hita ndogo inayojiwasha yenyewe kila baada ya masaa kadhaa kuyeyusha barafu, ikitoboka inashusha breka saa ambayo hakuna mtu kagusa kitu. Chomoa friji usiku mmoja, usifungue mlango wake vyakula vitavumilia mpaka asubuhi, uone kama umelala na umeme. Wa pili pampu inayojiwasha tenki likipungua. Wa tatu ni mkusanyiko: tivii, kompyuta, chaja, inveta ya AC, kila kimoja kinavujisha kidogo sana na ni kawaida yake, hakuna kibovu hata kimoja, ila vikiwa vyote chini ya RCD moja vinafika karibu na kiwango, kikiongezeka kitu kidogo inashuka. Hapo dawa ni kugawa laini ziwe chini ya RCD mbili au zaidi, sio kununua RCD ya 100mA au 300mA eti isisumbue, hiyo haitamwokoa mtu. Na wengine inawashukia umeme wa TANESCO unaporudi kwa kishindo, hiyo ikitokea mara moja moja pandisha uendelee.

Dalili ya 5: Ilianza baada ya fundi kuongeza kitu

Kaongeza soketi, kafunga taa mpya, kaleta inveta ya sola. Karibu siku zote kachukua waya wa moto kwenye laini iliyo chini ya RCD na nyutro kwenye laini isiyopita kwenye RCD hiyo, au nyutro kaifunga kwenye ethi kwa sababu ilikuwa karibu. RCD hapo inasema kweli tupu, umeme haurudi ulikotoka. Mwite huyo huyo arekebishe, na akikuambia RCD ndo mbovu muulize mbona jana ilikuwa nzima.

Dalili ya 6: RCD iko juu, breka ndogo ndo imeshuka

Angalia imechukua muda gani. Ikishuka pale pale ukipandisha, ni shoti, waya wa moto na nyutro zimegusana, chomoa vyote vya laini hiyo, ikiendelea usiipandishe tena. Ikikaa dakika kadhaa ndo inashuka, umeizidishia mzigo. Hesabu ni rahisi, gawa wati kwa 230. Birika la wati 2000 ni karibu ampia 9, pasi ya 1200 ni ampia 5, jiko la sahani moja la 1500 ni ampia 6.5, zote kwenye ekstensheni moja umeshafika 20 na plagi ya ekstensheni yenyewe ni ya 13. Shawa ya moto ya wati 5500 inataka kama ampia 24, ukiifunga kwenye breka ya 20 itakuwa inakukatia na sabuni mwilini kila siku.

Usibadilishe breka ya 20 uweke ya 32 isishuke. Breka imepangwa kufuata unene wa waya uliomo ukutani, ukiikuza breka bila kukuza waya basi kinachokatika kwanza kinakuwa waya wenyewe, ndani ya dari yako ya mbao.

Dalili ya 7: Kitufe cha testi kikibonyezwa haishuki

Ya mwisho kwenye orodha lakini ndo ninayoiogopa kuliko zote kwa sababu haisumbui mtu. Umeme ukiwepo bonyeza kile kitufe, inatakiwa idondoke pale pale kwa mlio wa "tak". Isipodondoka basi imekufa, au imepitwa pembeni kama ile ya Tabata. Ibadilishwe wiki hiyo hiyo. Mi nawaambia wateja wangu wabonyeze kila mwezi siku wanayonunua umeme wa LUKU, inawasaidia kukumbuka.

Ila kitufe hakipimi ethi. RCD inaweza kudondoka vizuri kwa kitufe kwenye nyumba isiyo na ethi kabisa, na nyumba hiyo bati la friji likishika umeme hakuna kinachotokea, RCD inakaa inasubiri mpaka aje mtu alishike peku, yeye ndo awe ethi. Atakatiwa ndiyo, lakini atakuwa ameshapigwa. Mwambie fundi apime kwa mita ile fimbo ya ethi iliyochimbiwa ardhini, hasa kwenye mchanga mkavu wa kiangazi. Na mtu akishika waya wa moto na nyutro kwa pamoja akiwa amesimama juu ya kitu kikavu, RCD inamwona kama balbu tu, haikati.

Hapa usiendelee, ita fundi

Harufu ya kuungua au ya samaki bila kupika samaki. Boksi la moto ukiliwekea kiganja. Mlio wa kukaanga ndani yake. Bomba, ukuta au friji inapiga hata kidogo. Maji yameingia kwenye boksi. RCD haikai breka zote zikiwa chini. Kwenye haya shusha meni kama unaifikia ukiwa mkavu, toa watoto, basi. Waya wa nje wa nguzo ukianguka ni wa TANESCO, hata fundi wako asiusogelee. Moto ukiwaka, zimamoto ni 114, na usimwagie maji. Mtu akishikwa na umeme usimvute kwa mkono, kimbilia meni kwanza, na hata akisema yuko sawa mpeleke hospitali, moyo unaweza kusumbua baadaye.

Fundi mwenyewe muombe leseni ya EWURA, ukiwa Kenya ni ya EPRA, hatakasirika kama anayo. Na ukimpigia mwambie: imeshuka ipi, saa ngapi, mvua ilikuwepo au hapana, nini kiliwaka, umechomoa nini ikakaa, na kama kuna msumari au kifaa kipya wiki hii. Mpigie picha ya boksi likiwa na kimfuniko wazi, breka zikiwa vile vile zilivyoshuka, umtumie WhatsApp kabla hajapanda bodaboda, atajua abebe elementi au abebe mega.